Kaka anasubiri lenzi ya ghali, mama anazidi kupofuka, nami nina siri ya shamba

Shikamoo Mama Mshauri.

Naomba jina langu lisitajwe, wala kijiji chetu, maana kwetu watu wanasoma na wanaunganisha mambo haraka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mbeya, nina miaka 41, nimeolewa na nina watoto watatu. Kwetu ni Mufindi, huko juu ambako ukungu wa asubuhi unakaa mpaka saa nne. Tumezaliwa watatu. Kaka ndiye mkubwa, anafanya biashara ya mbao Mafinga. Mimi ni wa pili. Mdogo wetu wa kike anaishi Dar es Salaam. Baba alifariki mwaka 2016. Mama ana miaka 70, anaishi pale pale nyumbani na mjukuu mmoja, mtoto wa kaka, anayesoma kidato cha pili.

Macho ya mama yalianza kufifia taratibu. Kwanza alisema moshi wa jikoni unamsumbua. Baadaye akawa anamwaga chai pembeni ya kikombe, na akaacha kuwatambua watu kwa sura mpaka waseme Kamwene, salamu ya kwetu, ndipo ajue ni nani kwa sauti. Sasa hivi ukimtazama jicho la kulia unaona weupe katikati ya mboni. Nilimpeleka hospitali, daktari akasema ni mtoto wa jicho pande zote mbili. La kulia limekomaa, anaona mwanga tu. La kushoto anahesabu vidole ukimsogezea karibu. Akasema dawa yake ni upasuaji: watatoa lenzi iliyoharibika na kuweka lenzi ya bandia, waanze na jicho la kulia. Akatuambia madaktari wa macho huja Mafinga kwa kambi, tusubiri tangazo.

Nikapiga simu kwa kaka kwa furaha. Akakataa. Alisema lenzi za kambini ni za msaada, plastiki ngumu za bei rahisi za watu wasio na mtu, na yeye hawezi kumwekea mama yake takataka machoni. Anataka mama apelekwe Dar, ikibidi India, akawekewe lenzi ya kisasa ya kuona mbali na karibu bila miwani. Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia anatuma matangazo ya hospitali kila mara. Lakini hela hana. Kila nikiuliza jibu ni "mzigo ukiuzwa". Kambi ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, na mzigo haujauzwa.

Mama naye hatusaidii. Anamkumbuka mama mdogo, dada yake, aliyepasuliwa zamani sana kwa ugonjwa huo huo. Alirudi na miwani mizito kama vitako vya chupa, akawa anaona watu wakubwa kuliko walivyo na anajikwaa kwenye ngazi. Miwani ilipovunjika akarudi gizani mpaka alipofariki. Kwa hiyo mama akisikia "upasuaji" anamwona dada yake. Na akisikia "plastiki ndani ya jicho" ndiyo kabisa. Juzi nilipomsihi, alikuwa amekaa anasuka kikapu cha milulu kwa kupapasa, akanijibu: "Ninyi subirini tu, mwanangu. Mimi sina haraka ya kuona."

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi. Baba alituachia ekari 4 za mipaina, ng'ambo ya bonde. Aliipanda mwaka 2011, na mama ndiye aliyekuwa anashinda kule akipalilia na kulinda moto. Mpaka leo anaiita "miti ya baba yenu", na anasema ikifika umri itasomesha wajukuu. Mwaka 2023 kaka alikuwa na deni kubwa, lori lake limekamatwa, akauza miti yote ya shamba ikiwa bado michanga. Mnunuzi alikuja na chenso na mashine ya dingdong, wakapasua mbao pale pale. Mama alishakuwa haoni vizuri na alishaacha kushuka bondeni. Hakuambiwa.

Kaka aliniambia mimi peke yangu, akilia, na nilikuwa sijawahi kumwona analia. Aliniomba nisimwambie mama mpaka apande upya. Hajapanda hata mche mmoja. Na mimi nimeanza kuwaza kwamba hizi habari za lenzi ya India ni njia ya kuchelewesha tu, kwa sababu mama akifunguka macho, jambo la kwanza atakalofanya ni kusimama uani na kutazama ng'ambo.

Kanisani wametangaza kambi nyingine Mafinga mwezi ujao. Je, nimchukue mama kimya kimya bila kaka kujua? Nimwambie habari ya miti kwanza, au baada? Ana presha pia, naogopa. Au nimwamini kaka, nisubiri hiyo lenzi nzuri? Je, ni kweli za kambini ni mbovu? Nikikosea hapa nitakuwa nimempoteza mama au kaka.

Mwalimu wa Njia Panda, Mbeya

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huo, na pole zaidi kwa kuubeba peke yako huku ukiingia darasani kila asubuhi kana kwamba hakuna kitu.

Kwa nilivyokuelewa, una maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni la jicho: mama awekewe lenzi gani, wapi, lini. La pili ni la shamba: nani amwambie mama kwamba miti haipo, na lini. Kaka yako ameyafunga pamoja, pengine bila kukusudia, na wewe umeyapokea yakiwa hivyo hivyo. Niruhusu niyafungue, nianze na jicho, kwa sababu jicho lina saa yake na halisubiri kikao cha familia.

Uliuliza kama lenzi za kambini ni mbovu. Hapa nitakaa kidogo, maana naona neno "plastiki" limewatisha mama na kaka kwa sababu tofauti.

Nyuma ya mboni kila mmoja wetu ana lenzi aliyozaliwa nayo, imekaa ndani ya kifuko chembamba. Mtoto wa jicho ni lenzi hiyo hiyo ikiwa imepoteza uangavu wake. Watu wengi kwetu hudhani daktari anabandua utando juu ya jicho. Hapana. Anafungua kifuko, anaitoa lenzi iliyochafuka, na kifuko chenyewe anakiacha. Zamani lenzi ilitolewa tu, mara nyingi pamoja na kifuko chake, jicho likabaki bila lenzi, na mtu akapewa miwani mizito kufidia. Ndiyo hiyo ya mama yako mdogo, na ni kweli kabisa kwamba inakuza vitu kupita kiasi na kumfanya mtu apepesuke ngazini. Kwa hiyo mama hajakosea kukumbuka. Anachokumbuka kilitokea. Ila upasuaji anaouogopa siyo huu anaoandikiwa leo. Leo kwenye kile kifuko inawekwa lenzi ya bandia, na inakaa humo maisha yote. Haivunjiki ukianguka, haipotei, haivuliwi usiku.

Na hiyo plastiki haikuokotwa tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari wa macho Mwingereza, Harold Ridley, aliwatibu marubani waliopigwa na vipande vya dirisha la ndege vilivyoingia machoni. Aliona kwamba vipande vile vya plastiki ngumu, iitwayo PMMA, vilikaa ndani ya jicho bila jicho kuvikataa. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, akamwekea mwanamke wa miaka 45 lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya aina hiyo. Madaktari wenzake walimpinga kwa miaka mingi, wengine kwa maneno makali, kwa hoja ile ile ya mama yako: kitu kigeni ndani ya jicho! Malkia alikuja kumtunuku mwaka 2000, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 90. Mweleze mama habari hii kwa lugha ya nyumbani. Wazee wengi hupokea vizuri zaidi kisa cha mtu kuliko maelezo ya kitaalamu.

Sasa hoja ya kaka, kwamba bei ndogo ni ubovu. Hadi miaka ya 1980 lenzi moja iliweza kuuzwa zaidi ya dola 100, na kwa bei hiyo mkulima wa Mufindi au wa kusini mwa India asingeiona kamwe. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab, mji wa Madurai, India, kilianza kutengeneza lenzi zake na kuishusha bei hadi kama dola 10. Mwaka 1994 kikafunguliwa kiwanda cha lenzi hata Asmara, Eritrea. Bei ilishuka kwa sababu watu walikaa chini wakaamua kutengeneza kwa wingi kwa ajili ya nchi kama zetu. Yaani kaka yako anatamani India, na huenda lenzi ya kambini ikawa imetoka huko huko India. Sisemi hivi kwa kumcheka.

Tofauti za lenzi zipo, nisikudanganye. Ile ngumu haikunjiki, kwa hiyo inahitaji tundu la kama milimita 6 ili ipite. Ile laini inakunjwa na kupita kwenye tundu la milimita 2 au 3, na jicho hutulia haraka zaidi. Lakini tundu kubwa likichongwa kwa ustadi hujifunga lenyewe, mara nyingi bila nyuzi. Mwaka 2007 madaktari huko Nepal walichapisha matokeo ya wagonjwa 108 wenye mtoto wa jicho aliyekomaa. Nusu walipasuliwa kwa mashine ya kisasa, nusu kwa mkono kwa njia hiyo ya tundu linalojifunga. Baada ya miezi 6, asilimia 98 ya kila kundi walikuwa na uoni mzuri wakisaidiwa na miwani pale ilipohitajika. Njia ya mkono ilichukua muda mfupi zaidi na gharama ndogo zaidi. Macho yao yalikuwa kama la kulia la mama yako.

Na hiyo lenzi ya mbali na karibu anayoitaka kaka? Ipo, na kuna watu wanaoifurahia. Lakini inagawa mwanga, kwa hiyo baadhi ya watu huona duara kuzunguka taa usiku, na vitu hupungua makali pale penye mwanga hafifu. Inamfaa mtu ambaye sehemu ya nyuma ya jicho ni nzima kabisa. Sasa fikiria mama, jioni, nyumba ya Mufindi yenye ukungu, na taa moja ya sola. Sisemi haimfai. Nauliza kama kuna aliyekaa na daktari na kumuuliza kama inamfaa, au ni tangazo la WhatsApp ndilo lililoamua.

Lenzi ya kawaida hulenga umbali mmoja. Wengi huwekewa ya kuona mbali, kisha kwa kusoma au kushona wanavaa miwani ya karibu, ile inayouzwa hata sokoni. Mama yako anasuka milulu. Daktari aambiwe hivyo! Ajue kwamba huyu mama anataka kuona njia, na pia anataka kuona ua la kikapu chake, ili amwandikie miwani ya karibu mapema.

Kama ungekuwa na nafasi ya kuuliza jambo moja tu kambini, mimi nisingeuliza lenzi imetoka nchi gani. Ningeuliza: mama amepimwa? Lenzi zina namba kama viatu, na namba ya kila jicho hupatikana kwa kupima urefu wa jicho na mviringo wa kioo chake cha mbele. Kosa la milimita moja tu kwenye urefu linaweza kumwacha mtu akihitaji miwani hata ya kuonea mbali. Lenzi ya bei nafuu iliyopimwa vizuri itamfaa mama kuliko lenzi ya mamilioni iliyokisiwa. Uliza pia nani atamwona baada ya timu kuondoka, na mkipata shida usiku mpige simu wapi. Kambi ikikosa majibu ya hayo, una haki ya kusita, na unaweza kuomba rufaa aende hospitali ya mkoa au ya kanda, tena hapo Mbeya ulipo, ambako utamuuguza mwenyewe. Kuhusu gharama, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha katika hospitali za serikali. Anza na barua ya ofisi ya kijiji na umwone afisa ustawi wa jamii hospitalini. Wakati mwingine inahitaji uvumilivu, lakini ni haki yake.

Upasuaji wenyewe una hatari zake. Vijidudu vya maradhi vinaweza kuingia jichoni. Ni nadra, ila vikiingia ni dharura. Kifuko kinaweza kuchanika, au pazia la nyuma likaachia. Wengine hupata ukungu tena baada ya miezi au miaka kwa sababu kifuko kimefifia, na huo husafishwa kwa mwanga wa leza kwa dakika chache, palipo na mashine. Na kama nyuma ya mtoto wa jicho kulikuwa na presha ya macho iliyojificha, mama anaweza kupata nuru kidogo tu. Daktari akuambie hili mapema, usije ukamuahidi mama jicho la msichana.

Kusubiri nako kuna hatari zake, na hizi hazitangazwi. Mtoto wa jicho aliyekomaa huzidi kuwa mgumu kutoa. Akipitiliza anaweza kuvimba au kuvuja, presha ya jicho ikapanda, jicho likawa jekundu lenye maumivu makali, na mshipa wa fahamu wa nyuma ya jicho ukaharibika. Uoni unaopotea kwa njia hiyo haurudi kwa lenzi yoyote, ya dola 10 au ya dola 3,000. Kwa hiyo kaka anapotuma matangazo na kusema tusubiri mzigo, anachoweka rehani ni jicho lenyewe.

Sasa nije kwenye miti.

Umeniandikia kwamba kaka anachelewesha ili mama asione. Inawezekana. Lakini hebu mtazame kwa upande mwingine kidogo, wewe uliyemwona akilia. Mtu aliyeuza jasho la mama yake kwa sababu ya lori anatafuta namna ya kulipa. Na malipo madogo hayamtoshi. Lenzi ya kambini, ya msaada, ingemfanya ajione ni yule yule aliyemnyang'anya mama na kisha kumpeleka kwenye foleni ya bure. Lenzi ya India ingekuwa fidia. Nikiwaza hivyo, hasira yangu kwake inapungua, ingawa jicho la mama haliponi kwa majuto ya mtu. Ukimwambia "unatuchelewesha makusudi", atajitetea mpaka kambi ipite. Ukimwambia "najua unataka kumlipa mama, ila hili la jicho tulitenge", huenda mkaongea. Huenda pia msiongee. Wewe unamjua zaidi.

Halafu kuna mama. Unasema hajui. Mwanangu, una uhakika? Huyo ni mama aliyepalilia ile mipaina tangu ikiwa miche. Haoni ng'ambo, sawa. Lakini chenso inasikika bonde zima, na dingdong ndiyo usiseme, inanguruma kutwa. Upepo wa Mufindi hubeba harufu ya utomvu. Majirani wanapita uani kwake, na mjukuu anayelala naye ni mtoto wa huyo huyo kaka. Mimi nilisimama kwenye sentensi yake ile: "Sina haraka ya kuona." Wewe uliisikia kama hofu ya kisu. Inaweza kuwa hivyo, habari ya dada yake inatosha kumtisha yeyote. Inaweza pia kuwa mama anajua, na anawasitiri ninyi. Kina mama wa umri wake wamemeza mengi kwa ajili ya watoto wa kiume. Sina namna ya kujua kutoka huku. Wewe unaweza kuuliza, kwa upole, bila kutaja kitu: "Mama, ukipona macho ungependa kwenda kuona nini kwanza?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Kuhusu kumchukua kimya kimya: kwa mama, hakuna shida ya kisheria wala ya kidaktari. Ni mtu mzima mwenye akili zake, atatia saini au dole gumba yeye mwenyewe. Ruhusa ya kaka haihitajiki, wala ya kwako haihitajiki. Lakini jicho likipata shida hata ndogo, kosa lote litakuwa la kwako mbele ya ukoo, na kaka atapata mahali pa kuificha ile ya kwake. Kumjulisha siyo kumuomba. Unaweza kumwambia tarehe, mahali na muda, na kwamba mama amekubali, basi. Mdogo wako wa Dar naye umemweka wapi katika habari hii? Barua nzima umemtaja mara moja. Huenda hajui la shamba, na siku akijua kwamba ninyi wawili mlijua, mtakuwa na kidonda cha tatu.

Kuhusu kumwambia mama kabla au baada, nimegeuza geuza. Ukimwambia kabla, anaingia chumba cha upasuaji akijua anachokwenda kukiona, na hakuna atakayesema mlimfungua macho kwa hila. Lakini ana presha. Upasuaji huu hufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa yuko macho na anatakiwa kutulia. Presha ikiwa juu asubuhi ile wanaweza kumrudisha nyumbani. Kwa hiyo kama ni kabla, iwe mapema, wiki kadhaa, na siyo usiku wa kuamkia safari ya Mafinga. Ukingoja baada, jicho linapona kwanza, lakini mama mwenyewe anaweza kutoka uani siku bandeji inapofunguliwa akaona kipara ng'ambo, na hapo hamtakuwa mmemwambia, atakuwa amegundua. Kuna njia ya katikati ambayo sijui kama inawezekana kwenu: kaka mwenyewe aende, akae na mama, aseme. Umpe nafasi hiyo yenye tarehe, umwambie kwamba tarehe ikipita wewe hutajificha tena mama akikuuliza. Ulimwahidi kunyamaza mpaka apande. Hakuahidi lini atapanda, na wewe hukuahidi kudanganya ukiulizwa.

Shamba lenyewe lina swali ambalo hukunieleza. Baba alipofariki, mirathi ilifunguliwa? Kuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama? Kama yupo, nani? Kama hayupo, ekari zile ziko kwa jina la nani kijijini? Siulizi ili umpeleke kaka mahakamani. Nauliza kwa sababu ardhi bado ipo, ekari 4 zimebaki tupu tangu 2023, na ardhi tupu Mufindi haikosi macho ya watu. Miche ya mipaina inapandwa msimu wa mvua unapoanza. Kaka akisema atapanda, mngeweza kujua ni msimu upi na miche inatoka wapi, na mama akawa ndiye mwenye neno juu yake.

La mwisho ni dogo lakini limeangusha wengi. Baada ya upasuaji kuna matone ya kuweka mara kadhaa kwa siku, kwa wiki kadhaa. Asifikiche jicho, asiinamie jiko la moshi, asibebe kuni wala ndoo kichwani, na akisikia maumivu, au uoni ukipungua badala ya kuongezeka, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Nani atakaa naye? Mjukuu anakwenda shule. Wewe una darasa, labda likizo iangukie hapo, labda isiangukie. Kama mke wa kaka yuko naye Mafinga, ni mwendo mfupi. Anza na hilo utakapompigia kaka: muulize kama wifi yako anaweza kukaa na mama wiki mbili za mwanzo. Ni ombi ambalo halihitaji mzigo uuzwe.

Niandikie tena ukishaongea na mama.